Nje ya Kwako, Dirishani kwa Jirani: Bomba la Hita ya Gesi Litokee Wapi?

Mama mmoja wa Isamilo alikuwa akiumwa kichwa kwa ratiba. Saa moja jioni kinaanza, saa tatu kinatulia. Sokoni mzima, kanisani mzima, akienda Magu kwa dada yake anakaa wiki nzima bila kumeza hata panadoli. Akirudi kwake, jioni ile ile kichwa kinampokea mlangoni. Alipimwa malaria, akapimwa presha, akabadilishiwa na miwani.

Mimi ni fundi bomba. Siku hiyo niliitwa nyumba iliyo chini ya yake kwa jambo jingine kabisa: hita ya gesi ya bafuni ilikuwa ikizima ovyo katikati ya kuoga. Nikazunguka nyuma kutazama bomba la moshi linapotokea. Juu ya kichwa changu, mama yule alikuwa amesimama dirishani kwake, karibu kiasi kwamba tungeweza kupeana chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ni wewe uliyeniwekea hiki kibomba kinachonipulizia joto chumbani?"

Sikuwa mimi. Nilipompigia simu aliyekiweka alinijibu bila wasiwasi wowote: "Kaka, si nimekitoa nje?" Na kweli alikitoa nje. Tatizo zima limejificha ndani ya neno hilo moja.

Kwa asiyeijua Mwanza: mji huu haukujengwa, umepachikwa. Igogo, Mabatini, Bugando, Isamilo, nyumba zimebanwa katikati ya mawe makubwa, moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi, na bati la huyu liko usawa wa kibaraza cha yule. Mahali kama hapa ukitoboa ukuta wako nyuma, mara nyingi umetobolea kwa mtu.

Na matundu haya yanaongezeka. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na mtungi ukishazoeleka jikoni haukawii kuhamia bafuni, hasa nyumba za wageni na nyumba za kupangisha zinazokimbia bili ya umeme. Watu huona ni gesi ile ile tu. Lakini plati moja ya jiko ina nguvu ya kilowati 2 au 3. Hita ndogo kabisa ya kuoga, ile ya lita 6 kwa dakika, ina kilowati 12 hivi. Ni kama kuwasha plati nne au tano kwa mpigo ndani ya chumba ambacho umekifunga ili usionekane.

Kinachotoka kwenye bomba

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Kilo moja ikiungua vizuri hula kilo 15 na nusu hivi za hewa, kisha hutoa kilo 3 za hewa ya ukaa na lita moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke. Maji, ndiyo. Mtungi wa kilo 15 ukiisha, umeshatoa mvuke ambao ungepozwa wote ungejaza ndoo ya lita 20 na kumwagika. Ndiyo maana ukuta ulio juu ya bomba la hita huota ukungu mweusi na rangi ikababuka. Ukikuta ukuta wa namna hiyo, umeshaona njia ya moshi bila kutumia kipimo chochote.

Huko ni kuungua vizuri. Hewa ikipungua, gesi haiungui hadi mwisho, na sehemu ya ile hewa ya ukaa inatoka ikiwa kaboni monoksidi. Hii tunaifahamu sote bila kulijua jina lake, kwa kuwa ndiyo ile ya jiko la mkaa. Karibu kila mtaa una habari ya watu walioingiza jiko chumbani usiku wa mvua, asubuhi mlango ukavunjwa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Nayo haiachii upesi: ukimtoa mtu kwenye hewa safi, nusu tu ya sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kuondoka, na ndiyo sababu hospitali humpa oksijeni ya barakoa badala ya kumwambia akapumzike.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu 400 kwa milioni za hewa humletea mtu maumivu ya kichwa ndani ya saa moja au mbili. Sehemu 1,600 zinaweza kumuua kwa muda huo huo. Chukua bafu la kawaida, mita 2 kwa mita 1 na nusu, dari mita 2 na nusu: hizo 1,600 ni lita 12 tu za gesi. Hazifiki hata ndoo.

Sasa hapa mafundi wengi tunachanganya mambo, na sioni aibu kusema nami nilichanganya miaka yangu ya mwanzo. Tumefundishwa kwamba gesi ni nzito. Ni kweli, gesi mbichi, ile isiyoungua, ni nzito: propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja hutiririka chini kama maji, hujaa sakafuni, huingia kwenye karo. Na hiyo imetiwa harufu makusudi ili uisikie. Ndiyo maana kibanda cha mtungi hutobolewa matundu chini, usawa wa sakafu. Moshi wa gesi iliyokwisha kuungua una tabia nyingine. Unatoka ukiwa moto, kwa hiyo unapanda. Ukipoa, kaboni monoksidi iliyomo ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, nyepesi kidogo tu, basi inakwenda popote hewa inapokwenda. Nimewahi kukuta bomba la moshi limetolewa kiganja kimoja na nusu juu ya ardhi, pembeni mwa mlango wa jikoni, na aliyeliweka akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba amefuata uzito wa gesi.

Watu wa theluji walivyopima

Wenzetu wa nchi za baridi wameumizwa kichwa na swali hili muda mrefu, kwa kuwa wao hawachomi gesi dakika kumi za kuoga tu. Nyumba nyingi za Canada na kaskazini mwa Marekani zina tanuru la gesi chini ya nyumba au kwenye stoo. Linaunguza gesi ndani ya chemba iliyofungwa, feni inapuliza hewa ya nyumba pembeni mwa chemba hiyo ipate joto na kwenda vyumbani, na moshi wenyewe unatoka kwa bomba lake bila kukutana na hewa ile. Msimu wa baridi huwaka na kuzima usiku na mchana kwa miezi.

Zamani moshi huo ulipanda dohani hadi juu ya paa, mbali na pua za watu. Kisha yakaja matanuru yanayokamua joto hadi tone la mwisho, na moshi unatoka umepoa kiasi kwamba hauna tena nguvu ya kupanda wenyewe. Feni ndogo inausukuma upite kwenye bomba la plastiki na kutokea ukutani, pembeni ya nyumba. Fedha ikaokolewa. Lakini tundu la moshi likashuka kutoka paani hadi usawa wa madirisha, na hapo vipimo vikawa suala la uhai.

Kanuni ya kitaifa ya gesi ya Marekani inasema bomba linalosukumwa na feni likae angalau mita 1.2 chini ya dirisha linalofunguka, mlango au tundu la hewa. Au mita 1.2 pembeni yake. Au sentimita 30 juu yake. Angalia namba hizo vizuri, maana zina akili ndani yake. Kwa nini chini na pembeni ni mita nzima na zaidi, lakini juu ni rula moja ya shule? Kwa sababu moshi wa moto unapanda. Bomba likiwa juu ya dirisha, moshi unaondoka, dirisha linabaki salama. Likiwa chini, dirisha ndilo linalofuata njiani. Ukilielewa hilo, hata ukisahau namba hutakosea sana.

Yako mengine. Kama karibu, ndani ya mita 3, kuna feni inayovuta hewa kuingiza ndani, basi bomba liwe angalau sentimita 90 juu yake, kwa kuwa feni haingoji moshi uje, inaufuata. Palipo na njia ya watu, bomba lipite juu ya vichwa, mita 2.1. Kutoka ardhini lisipungue sentimita 30, na kwa wenzetu hizo huhesabiwa kuanzia juu ya theluji. Theluji ikirundikana ikaziba bomba, tanuru likiwa na bahati linazima. Likikosa bahati, moshi unarudi ndani kwa waliolala. Nchini Canada wanataka pia tundu la moshi likae karibu mita moja mbali na regulata ya gesi, jambo ambalo hapa kwetu nalitilia mkazo kila siku, maana tunapenda kupanga kila kitu kwenye ukuta mmoja wa nyuma: mtungi, regulata, bomba la hita na kamba ya kuanikia nguo.

Aina moja ya vifaa imelegezewa masharti kidogo: ile yenye bomba ndani ya bomba, la ndani likitoa moshi na la nje likivuta hewa ya kuunguzia. Hiyo haigusi hewa ya chumbani kabisa. Kama una uwezo na unaweka hita ndani ya nyumba, nunua hiyo. Inayofuata kwa ubora ni ya feni. Ile ya bomba la kawaida linalotegemea moshi kupanda wenyewe inataka uangalifu mkubwa. Na ile isiyo na bomba kabisa, inayotoa moshi wake humo humo unamoogea, mimi huwa siifungi hata mteja akiniongeza hela.

"Nje" ya Mwanza ina kona nyingi

Vipimo vile vimetungwa kwa nyumba iliyosimama peke yake kwenye kiwanja chake, jirani akiwa ng'ambo ya majani. Kule Isamilo nilikokuwa, kati ya ukuta wa nyuma na jabali palikuwa na uchochoro wa sentimita 70. Jabali lenyewe limepanda hadi usawa wa dirisha la yule mama. Bomba lilitokea ndani ya uchochoro huo. Upepo haufiki pale. Moshi ulikuwa unajaa humo kama maji kwenye mtaro ulioziba, na kwa kuwa tundu la hewa la bafu lilikuwa kwenye ukuta ule ule, hita ilikuwa ikivuta tena moshi wake yenyewe. Ni sawa na kulala umejifunika blanketi hadi kichwani. Moto ukikosa oksijeni unazima, na mteja wangu anabaki na sabuni machoni. Kinachozidi kinapanda kwa kufuata uso wa jabali hadi dirishani juu. Malalamiko mawili ya nyumba mbili yalikuwa na chanzo kimoja, na hakuna aliyekuwa ameyaunganisha kwa sababu wenye nyumba hizo hawakuwa wakisalimiana kwa ajili ya mpaka.

Na ratiba ya kile kichwa? Mvuvi yeyote wa Kirumba angemweleza. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, basi upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi inapoa haraka, upepo unageuka kwenda ziwani. Katikati ya kugeuka huko, jua likizama, kuna kipindi ambacho hewa inatulia kabisa; moshi wa majiko unaning'inia juu ya mtaa kama neti. Kipindi hicho ndicho watu wanarudi kutoka kazini na kuoga. Nyumba ya chini ilikuwa na watu sita.

Tabia hiyo ya upepo inabadilisha hesabu ya mahali pa kutobolea. Bomba linalotazama ziwa, iwe Capri Point au Bwiru, linapigwa usoni na upepo wa mchana. Hita yenye feni itajitahidi. Ya bomba la kawaida itashindwa, na moshi utarudi bafuni. Usiku hewa iliyopoa huteleza kushuka mlima kama maji, na moshi uliokwisha kupoa huteleza nayo, kwa hiyo jirani wa chini naye ana haki ya kuuliza. Kwa kifupi, kwenye mteremko usipime dirisha lako tu. Panda, shuka, zunguka, tazama nani anafungua dirisha wapi, kisha ndipo uchukue drili.

Kona nyingine inayosahaulika ni chini ya bati. Wengi hulitoa bomba juu kabisa, karibu na lenta, wakidhani wamelikimbiza mbali na dirisha. Bati limetokeza nje nusu mita, na kati ya ukuta na bati kuna mianya. Moshi unapanda, unagonga bati, unaingia kwenye kenchi. Zamani ungepotelea humo. Siku hizi kuna jipsamu yenye matundu ya taa ndogo ndogo kila baada ya mita moja, na moshi unashukia chumba cha kulala kutoka juu, kwa adabu, bila mtu kujua. Nyumba za zamani zilikuwa na matofali ya matundu juu ya kila dirisha. Tumeyaziba kwa ajili ya vumbi na mbu, tukaweka aluminiamu ya kuteleza, na sasa nyumba zetu zimefungika kuliko zile walizojenga wazee. Sisemi turudi nyuma, ila bafu lenye hita ndani linataka tundu la kudumu lisiloweza kufungwa, na lisiwe upande ule ule wa bomba la moshi.

Hapo ongeza feni ya kuvuta harufu, ya chooni au ya juu ya jiko. Feni ikitoa hewa nje, hewa hiyo lazima iingie kwa njia nyingine. Ikikuta kila kitu kimefungwa, inaivuta kwa kupitia bomba la hita, kinyumenyume.

Jambo la mwinuko ambalo boksi halisemi

Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya kumi kwa mia. Kilo moja ya gesi ambayo Dar es Salaam inahitaji mita za ujazo 13 za hewa, hapa inahitaji kama 15. Hita haijui imepandishwa mlima: tundu lake la gesi linatoa karibu kiasi kile kile, lakini hewa inayovutwa pamoja nayo imepungua oksijeni. Moto unakuwa na mafuta mengi na pumzi kidogo, na moto wa namna hiyo ndio unaozaa kaboni monoksidi.

Marekani wana kanuni ya mezani kwa hili: kifaa kikiwekwa juu zaidi ya mita 610, hupunguziwa nguvu asilimia 4 kwa kila mita 305 kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu hiyo Mwanza tungepunguza karibu asilimia 15. Hapa hita inatoka bandarini, inapanda lori, inafungwa kama ilivyo. Unachoweza kufanya ni kumwuliza muuzaji kama mtengenezaji ana maelekezo ya nyanda za juu, na kuutazama moto: uwe wa buluu, umetulia. Ukiwa na ncha za njano zinazochezacheza, au ukiona masizi kwenye mdomo wa bomba, zima na uite mtu. Na ile hesabu ya bafu letu la mita za ujazo 7 na nusu: hita ya kilowati 12 huunguza karibu kilo moja kwa saa, kwa hiyo ingeimaliza hewa yote ya bafu lililofungwa kwa nusu saa. Moto huanza kuharibika mapema zaidi ya hapo.

Bomba lenyewe

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni bomba la plastiki. Vijana wanatazama video za ng'ambo, wanaona matanuru yametolewa moshi kwa mabomba meupe, wanakwenda dukani kununua bomba la maji taka. Tanuru lile limeshapoza moshi wake. Hita yetu ya kawaida inatoa moshi wa nyuzi joto zaidi ya 100, na plastiki ile huanza kulegea kwenye 80. Inapinda, viungo vinaachia, na vinaachia juu ya jipsamu ambako hakuna anayeona. Tumia bomba la chuma lililokuja na hita au la kipenyo kile kile. Usilipunguze. Kona zisizidi mbili kama ni la kawaida, na lianze kwa kupanda wima kabla ya kulala. Lile la feni linalopita ukutani liinamishwe kidogo kuelekea nje, mvua ya masika isije ikatiririka ndani ya hita.

Theluji hatuna, lakini nyigu tunao. Wanalipenda bomba lisilotumika wiki mbili kuliko nyumba yoyote, na udongo wanaojengea unakauka kama saruji. Nimetoa viota vya ndege, nimetoa mjusi aliyekauka, na msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama nguzo za moshi nimekuta wavu umezibwa kabisa na mizoga yao. Wavu ni lazima, ila usitumie wa mbu. Macho yake ni madogo mno, hujaa masizi na wadudu. Wa macho makubwa kiasi cha ncha ya kidole kidogo unatosha kuzuia ndege. Na mwenye nyumba akipiga plasta upya au akipaka rangi, hakikisha hajalifunika.

Kabla sijakabidhi kazi huwa nafanya jaribio la bibi zetu. Nafunga mlango na madirisha, nawasha feni kama ipo, nawasha hita dakika tano, kisha nashika ubani unaofuka karibu na mwanya ulio juu ya hita, pale bomba linapoanzia. Moshi wa ubani ukivutwa kuingia bombani, sawa. Ukisukumwa usoni kwangu, kazi haijaisha. Jaribio hili ni la hita za bomba la kawaida. Za feni zina mitambo yao ya kujizima. Baada ya hapo namshauri mteja anunue king'ora cha kaboni monoksidi, kile chenye betri, akiweke kwenye korido ya vyumba vya kulala. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja bila homa, toka nje kwanza, wote, na paka. Kuzima hita na kupiga 114 kwa zimamoto ni baada ya kuwa nje. Mwenye kuzimia aende hospitali hata akizinduka na kusema amepona.

Tulivyomaliza Isamilo

Mteja wangu alitaka nirefushe bomba lipande juu ya dirisha la mama. Ningeweza. Lakini nilimwuliza swali ambalo sasa namwuliza kila mtu: kwa nini hita yenyewe iwe ndani? Watu wa Canada wanaweka hita ya maji ndani kwa sababu nje mabomba yake yangeganda. Mwanza maji hayajawahi kuganda. Tumechukua tatizo la theluji tukalileta mahali pasipo na theluji, kisha tunalipigia hesabu. Ziko hita zilizotengenezwa kukaa ukutani nje, zenye kinga ya mvua na upepo, na maji ya moto yanaingia bafuni kwa bomba dogo. Vipimo vya kutoka madirishani vinabaki vile vile, ila hatari ya moshi kujaa bafuni inaondoka yote.

Akasema itaibiwa. Hilo nalo ni la kweli kuliko kanuni zote za Marekani. Basi tukaenda kwa mchomeleaji, akatuundia kizimba cha nondo, wazi pande zote ili hewa ipite, chenye kufuli mbili. Tukakifunga ukuta wa ubavuni unaotazama barabara, mita 2.2 kutoka chini, mita moja na nusu kutoka dirisha la karibu, hakuna jabali wala bati juu yake. Tundu la nyuma tukaliziba kwa saruji, na mama akatazama kutoka dirishani hadi tulipomaliza.

Wiki tatu baadaye nilipita kudai salio langu. Mama akaniita kwa juu. Kichwa kimeacha ratiba, akasema, lakini kuna jambo lingine: umeme ukikatika, wapangaji wa nyuma yake wanawasha jenereta kwenye kibaraza, je na ile ina maneno hayo hayo? Nikapanda kwenda kuona. Jenereta haina bomba la kukisia. Ekzosi yake inatoa kaboni monoksidi nyingi kupita hita yoyote, na wataalamu wanataka ikae mita 6 kutoka nyumbani, ikitazama upande usio na mtu. Nikapima kwa miguu kutoka kwenye ekzosi hadi dirisha la chumba cha watoto. Zilikuwa hatua mbili.